Usalama wa Gari Huanza Likiwa Limesimama

Wazazi wenzangu, vijana wetu, na nyote mlio na ufunguo wa gari mfukoni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutumia gari la familia kwa usalama. Najua wengi mnangoja nianze na mwendokasi na madereva wakorofi. Hao tutawafikia. Kwanza nataka tukae ndani ya gari lililozimwa. Barabarani dereva huamua mambo kwa nusu sekunde, tena kwa hofu. Lakini mengi yanayoamua nani atashuka mzima yamekwisha kupangwa kabla gurudumu halijazunguka: kiti kimewekwaje, mkanda umepita wapi, mtoto kakaa wapi, tairi lina upepo kiasi gani. Hayo hayadai kipaji cha udereva. Yanadai dakika chache na mtu asiyeona aibu kufungua kitabu cha gari.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Nimeitaja takwimu hiyo mara moja, inatosha. Twende kwenye gari.

Nianze na kitabu chenyewe. Kiko kwenye kijidroo cha mbele ya abiria, mara nyingi bado kiko ndani ya nailoni yake. Simu zetu tunazijua kila kona, lakini gari ambalo linabeba familia nzima tunaliendesha miaka mitano bila kujua kitufe kilicho pembeni ya goti kinafanya nini. Kama gari lako lilikuja bila kitabu, watengenezaji wengi wameviweka mtandaoni. Tafuta kwa jina la gari na mwaka wake. Usisome chote, maana hata mimi sijaona aliyekisoma chote. Soma sehemu ya viti, mikanda, taa za dashibodi na kubadili tairi.

Sasa kiti cha dereva. Kaa, sogeza makalio mpaka yaguse nyuma kabisa. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka, uko mbali mno, na siku ya kufunga breki kwa dharura mguu hautakuwa na nguvu. Halafu, mgongo ukiwa bado umeegemea, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kitue juu ya ukingo wa usukani. Kama unalazimika kuinuka ili ukifikie, simamisha mgongo wa kiti zaidi. Najua vijana wanapenda kulala kwenye kiti, mkono mmoja juu ya usukani, sura inaonekana dirishani kidogo tu. Wanapendeza. Ila mwili uliolala hupenya chini ya mkanda gari linapogonga, na mkanda unaopaswa kushika mifupa ya nyonga unaishia kushika tumbo.

Wapo pia wanaokaa karibu mno, kifua kinakaribia kugusa honi. Hao nawaambia habari ya eabegi, ule mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya usukani. Mfuko ule haufumki taratibu. Hulipuka kwa baruti maalumu na kujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiukuta umeshajaa, unakupokea. Ukiwa juu yake wakati unajaa, unakupiga. Kwa hiyo acha angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani. Mikono nayo ishike pande mbili, kushoto na kulia, si juu kabisa, maana mfuko ukitoka utakurushia mikono yako mwenyewe usoni. Na abiria wa mbele anayeweka miguu juu ya dashibodi ili apunge upepo, mwambie aishushe. Ameiweka juu ya kifuniko cha mfuko wa upande wake.

Kile kiegemeo cha kichwa, je? Wengi wanadhani ni mto wa kusinzilia. Kazi yake ni kuzuia shingo isirudi nyuma kwa nguvu mnapogongwa kwa nyuma. Ukingo wake wa juu ulingane na utosi, na kiwe karibu na kisogo. Kikiwa kimeshushwa hadi shingoni, kinageuka kuwa mahali pa kuvunjia shingo. Kina kitufe kidogo kwenye nguzo yake. Kibonyeze, kipandishe, umemaliza.

Mkanda tunaoutumia leo, ule unaopita begani na nyongani, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa akibuni viti vya kurusha marubani nje ya ndege za kivita, kwa hiyo alijua vizuri mwili wa binadamu unavumilia nini. Volvo wakaiachia hataza yake wazi ili kampuni nyingine nazo ziutumie. Ndiyo maana uko katika kila gari. Bohlin aliona kwamba mkanda lazima ushike sehemu ngumu za mwili: mfupa wa bega, mbavu za kifuani na mifupa ya nyonga. Basi fuateni hivyo. Kipande cha chini kipite chini kabisa, juu ya nyonga na si juu ya tumbo. Kipande cha juu kipite katikati ya bega, si shingoni wala chini ya kwapa. Wako wanaoupitisha chini ya kwapa kwa sababu unawakera shingoni. Kwenye nguzo pembeni mwa mlango kuna kitu cha kuupandisha na kuushusha. Karekebishe hapo.

Mama mjamzito afunge mkanda, tena miezi yote. Kipande cha chini kikae chini ya tumbo, cha juu kipite kati ya matiti na kuzunguka ubavuni mwa tumbo. Kuuacha kwa kumwonea huruma mtoto ni kumwondolea mtoto ulinzi, kwani kinachomlinda aliye tumboni ni mama kubaki kwenye kiti chake.

Na wa nyuma je? Kuna imani kwamba nyuma ni salama bila mkanda kwa kuwa mbele kuna viti. Hebu tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, aliye huru ndani yake anaendelea na mwendo ule ule. Nguvu atakayojipigiza nayo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Na anayeangukiwa ni dereva aliyefunga mkanda wake vizuri. Ukiendesha, wewe ndiye mkubwa wa gari hilo. Gari lisiondoke mpaka usikie milio yote ya mikanda kufunga. Shemeji akinuna, acha anune.

Hapa kwa watoto nitakaa kidogo, mtanisamehe.

Kumpakata mtoto mbele, au hata nyuma, mikononi mwa mama, kunaonekana ni upendo na ulinzi. Mtoto wa kilo 10 katika mgongano wa kilomita 50 kwa saa huvutwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 200 na zaidi, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna mikono ya mzazi inayozuia uzito huo. Na kufunga mkanda mmoja wawili, mtoto akiwa mbele ya mama, ni vibaya zaidi: mama anamponda mtoto dhidi ya mkanda.

Mtoto mchanga anahitaji kiti chake, nacho kitazame nyuma ya gari. Sababu yake ni kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kizito mno kwa mwili wake, na shingo bado laini. Akitazama mbele, kichwa kinarushwa na shingo peke yake ndiyo inayokishikilia. Akitazama nyuma, mgongo mzima na kichwa vinapokewa na kiti kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, ile R129, inataka viti vilivyotengenezwa kwa kuifuata vimtazamishe mtoto nyuma mpaka apite miezi 15, na wataalamu wanashauri aendelee hivyo kadiri kiti kinavyoruhusu kwa urefu na uzito. Msihangaike na miguu yake kukunjika. Watoto hukaa hivyo kwa raha zao.

Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Mfuko ukifumka unagonga mgongo wa kiti palipo kichwa cha mtoto. Magari mengine yana tundu la ufunguo la kuzima eabegi ya abiria, ubavuni mwa dashibodi, pale panapoonekana mlango ukiwa wazi. Lakini mahali pake hasa ni kiti cha nyuma.

Ukishakifunga kiti cha mtoto, kishike pale mkanda unapopita, kitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi, hakijafungwa. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma viwili vya Isofix vilivyojificha kati ya mgongo wa kiti na sehemu ya kukalia. Ingiza vidole utavigusa. Kiti chenye ndoano zake kinabana hapo kwa mlio, na alama inageuka kijani. Kisha mikanda ya mtoto mwenyewe: vua jaketi nene kwanza, funga, halafu jaribu kuibana ile mikanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuishika mkunjo, bado imelegea.

Mtoto mkubwa kidogo anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umpite begani badala ya kumpita shingoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto watumie viti vyao angalau mpaka miaka 10 au urefu wa sentimita 135. Tazama mkanda, usitazame cheti cha kuzaliwa. Magoti yake yakikunjika ukingoni mwa kiti huku mgongo umeegemea, na mkanda ukapita mahali pake, ameshahitimu.

Fungua mlango wa nyuma, tazama ukingo wake, karibu na kitasa cha kufungia. Kuna kiswichi kidogo chenye alama ya mtoto. Hicho ndicho loki ya watoto: ukikigeuza, mlango haufunguki kwa ndani. Iko kila upande peke yake, kwa hiyo geuza ya milango yote miwili. Kioo nacho kina kitufe chake cha kuzuia, kwenye mlango wa dereva. Kitumieni, kwa sababu kioo cha umeme kina nguvu na shingo ya mtoto haina.

La mwisho kuhusu watoto. Msiwaache garini, hata kwa "dakika mbili tu". Gari lililosimama juani hupanda joto kwa karibu nyuzi 10 katika dakika 10 za kwanza, na kuacha upenyo wa kioo hausaidii cha maana. Mwili wa mtoto hupata joto kwa kasi mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Wapo wazazi wema, wasio wazembe hata kidogo, waliomsahau mtoto aliyesinzia nyuma kimya, kwa sababu siku ile ratiba ilibadilika. Weka mkoba wako au simu yako kwenye kiti cha nyuma. Utalazimika kufungua mlango ule.

Haya, tuwashe gari. Lakini tusiwashe injini kwanza, tuwashe swichi tu. Dashibodi nzima inawaka, kisha taa zinaanza kuzimika moja moja. Ule si urembo. Gari linajipima, na linakuonyesha kuwa kila balbu inafanya kazi. Tazama hasa taa ya eabegi, yule mtu aliyekaa na duara mbele yake. Iwake, kisha izimike. Isipozimika, kuna hitilafu. Na isipowaka kabisa, nina wasiwasi zaidi, hasa kwa gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu: huenda kuna aliyeifunga ili usijue kwamba mifuko haimo. Kwa anayenunua gari lililotumika, hiki ni kipimo cha sekunde tano, na hakina gharama.

Rangi zina lugha. Kijani na buluu ni taarifa tu. Njano inasema nenda kwa fundi karibuni. Nyekundu inasema simama. Taa nyekundu ambazo zikipuuzwa injini hufa ni mbili. Ya kwanza ni kibirika chenye tone mdomoni: shinikizo la oili limeanguka. Hapo usijiambie utafika nyumbani kwanza. Simama mahali salama, zima, maana injini isiyo na oili hujisaga yenyewe kwa dakika chache. Ya pili ni kipimajoto kilichosimama majini: injini imechemka. Simama, zima, fungua boneti ukiwa mwangalifu, na usiguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo yako chini ya shinikizo na yamepita joto la kuchemka. Ukifungua yanaruka usoni. Ngoja mpaka bomba la rejeta liguswe kwa mkono bila kuunguza. Kama umekwama kwenye foleni na geji inapanda ila haijafika nyekundu, zima AC, washa hita kwa nguvu zote na ufungue vioo. Mtatoka jasho, lakini joto la injini linatolewa kupitia kwenu.

Taa ya injini ya njano ikiwaka tu, unaweza kwenda taratibu hadi gereji. Ikimetameta, punguza mwendo sana au simama, kwa kuwa injini inakosa moto kwenye silinda na mafuta mabichi yanaunguza kichujio cha moshi, ambacho ni kifaa ghali.

Watu wachache wanajua kwamba karibu na alama ya pampu ya mafuta kuna kimshale kidogo. Kinakuonyesha tundu la mafuta liko upande gani, na ukiazima gari la mtu hutazunguka kituoni mara mbili. Hata gurudumu dogo lenye namba 0 hadi 3, karibu na swichi ya taa, lina kazi. Ukipakia buti na watu nyuma, pua ya gari inainuka na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Zungusha namba ipande, mwanga unashuka. Kioo cha ndani nacho kina kidole chini yake cha kuvuta usiku, mwanga wa aliye nyuma usikuumize. Na taa zile zinazojiwasha zenyewe mchana, katika magari mengi huwasha mbele peke yake. Giza likiingia unaona dashibodi inang'aa ukadhani umewasha taa, kumbe nyuma ni giza tupu. Zungusha swichi mwenyewe.

Dabo indiketa ni za gari lililosimama kwa hatari, au za kuonya mara moja kwamba mbele kumefunga. Kuendesha nazo mvua nzima kunawanyima wenzako kujua unakata wapi. Kwenye mvua washa taa za kawaida. Kioo kikifanya ukungu ndani, usikifute kwa mkono ukiwa mwendoni. Washa AC, hata kama kuna baridi, kwa sababu AC inakausha hewa, elekeza upepo kwenye kioo, na zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kitufe hicho ndicho mara nyingi kimeleta ukungu wenyewe, pumzi zenu wote zikizunguka humo humo.

Tairi. Gari zima linagusa ardhi kwa vipande vinne, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Breki bora na usukani bora vinapitia hapo. Upepo sahihi umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tundu la mafuta. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Mtu wa pampu akikuuliza "nijaze ngapi?" usimwambie "weka ya kawaida". Kwenye karatasi ile kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Mkisafiri familia nzima na mizigo, fuata ya pili. Pima tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla ya safari, na usilipunguze upepo likiwa la moto kwa kuogopa litapasuka. Tairi la safari ndefu mara nyingi hupasuka kwa upepo mdogo: ubavu unajikunja na kujinyoosha, unapata moto, unachanika.

Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, yaani ile michongo inayogusa barabara, na bado likawa mzee. Kwa kashata, angalia vijinundu ndani ya mifereji. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6, na hapo maji ya mvua hayana pa kupita.

Sasa tunaondoka. Kwa wenye gia ya otomatiki, jambo moja linalopuuzwa. Mnaposimama mlimani, wengi wanatia P, wanaachia breki, gari linashuka kidogo na kugota. Mgoto ule ni gari zima linaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya gia. Fanyeni hivi: mguu ukiwa kwenye breki, tia N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu taratibu gari likae juu ya breki ya mkono, kanyaga tena, ndipo utie P. Baadaye P inatoka laini, bila kuvutana nayo.

Mteremkoni sasa. Kuna madereva wanatia nyutro ili kubana mafuta. Katika injini za sasa zinazonyunyiza mafuta kwa kompyuta, ukiachia akseleta gari likiwa kwenye gia, mafuta yanakatwa kabisa. Ukitia nyutro, injini inalazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo nyutro haikuokolei kitu, na inakuondolea injini iliyokuwa ikisaidia kuzuia. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, mnasikia harufu, kisha pedali inakuwa laini na kwenda chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na maji yale yakichemka yanakuwa mvuke, ambao haupeleki nguvu gurudumuni. Ndiyo sababu ya kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Mteremko mrefu shukeni kwa gia ndogo: L, 2, B au alama ya kutoa, kutegemea gari. Injini italia kidogo. Iacheni ilie. Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi, maana usukani unakuwa mzito na breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu.

ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu, iliingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, ikiwa imetengenezwa na Bosch, na leo iko karibu kila mahali, lakini bado watu wanaiogopa. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi, pedali inatetemeka chini ya mguu na kunguruma. Wengi huachia wakidhani wamevunja kitu. Usiachie. Kanyaga, endelea kukanyaga, na ukate usukani kukwepa. Kazi yake ndiyo hiyo, kukuwezesha kukata huku umefunga breki. Tafuteni uwanja mtupu, mwendo mdogo, changarawe kidogo, mkaisikie mara moja. Msikutane nayo kwa mara ya kwanza mbele ya basi.

Niliahidi mwendokasi. Nguvu ya gari haipandi kwa mwendo, inapanda kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Kwenye lami kavu na matairi mazima, kutoka kilomita 50 kwa saa breki zinahitaji kama mita 14. Kutoka 100, mita 55. Ongeza sekunde moja ya akili kushtuka kabla mguu haujafika: mita 14 kwa mwendo wa kwanza, 28 kwa wa pili. Jumla ni 28 dhidi ya 83. Na anayetazama simu sekunde mbili akiwa kwenye 80 amekwenda mita 44 hayupo garini. Umbali na gari la mbele upimeni kwa sekunde. Lipite nguzo, hesabu polepole, wewe usiifikie kabla ya sekunde mbili. Mvua ikinyesha ziwe nne.

Chini ya miguu ya dereva pasiwe na kitu. Chupa ya maji inayobiringika ikiingia nyuma ya pedali ya breki, breki haishuki. Kapeti mbili juu ya nyingine zinaweza kunasa akseleta. Ikinasa, usihangaike kuinama: tia nyutro, injini ilie itakavyo, funga breki, toka pembeni, ndipo uzime. Gari la kuwashwa kwa kitufe mara nyingi huzimika likiwa mwendoni kwa kukishikilia kitufe sekunde kadhaa, na breki ya mkono ya umeme, katika magari mengi, ukiivuta na kuishikilia itafunga gari kwa dharura hata pedali ikikataa. Somo hilo mfundisheni na anayekaa kiti cha mbele, kwa sababu dereva anaweza kuzirai.

Pancha nitaipitia haraka kwa kuwa tutaifanya kwa vitendo. Watu wote washuke, wakae mbali na barabara. Ardhi iwe ngumu na tambarare. Legeza nati kabla ya kupiga jeki, si baada. Jeki iwekwe kwenye alama yake chini ya kizingiti cha mlango, na hakuna kiungo cha mwili kinachoingia chini ya gari lililoshikwa na jeki, hata kwa kuokota nati. Kaza nati kwa kupishana, kisha zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Spea ile nyembamba imeandikwa ubavuni mwendo wake, kwa kawaida 80, na ni ya kukufikisha kwa fundi tu.

Maswali tutayapokea nje. Magari mawili yameegeshwa pale uwanjani, moja la manyuo na moja la otomatiki, na jeki ziko tayari. Wenye viti vya watoto garini tuanze na ninyi, msivifungue kabla sijafika, nataka kuvitikisa kama vilivyo.